Vitabu Ndani ya Simu: Mwongozo kwa Msomaji wa Isansa

Mpenzi wa vitabu anayeishi Isansa anaijua hali yake. Steshenari za miji yetu midogo huuza madaftari, kalamu na vitabu vya kujiandaa na mitihani; riwaya na diwani hupatikana kwa kubahatisha. Kufuata maktaba Mbeya mjini ni safari ya siku, na nauli ya kwenda na kurudi yaweza kulingana na bei ya kitabu chenyewe. Lakini simu janja imeingia katika nyumba nyingi za Mbozi, hasa baada ya malipo ya kahawa, na simu moja yenye memori kadi inabeba vitabu vingi kuliko kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Kinachopungua ni kujua vitabu viko wapi, vinashushwaje bila kumaliza bando, na kipi kinastahili kushushwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayependa kusoma, uwe mwalimu, mwanafunzi, mkulima au mama wa nyumbani. Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: mtandao ni wa kuchukulia vitabu, si wa kusomea. Washa data, chukua unachokitaka, zima data, kisha soma. Anayesoma huku data imewashwa hukatizwa na jumbe za makundi, matangazo na video, na bando humwishia akiwa ukurasa wa tatu. Aliyeshusha kitabu anaweza kukisoma shambani, kwenye foleni ya zahanati, au usiku ambao mtandao umekatika kijiji kizima.

Maandalizi

Nunua memori kadi kabla ya kununua bando kubwa. Simu za bei nafuu hujaa haraka kwa picha na sauti za WhatsApp, na simu iliyojaa haipokei kitabu. Kwenye kadi hiyo tengeneza folda ya vitabu peke yake, na kila faili ipe jina utakalolielewa mwaka ujao: jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka. Faili nyingi huja na majina ya tarakimu na herufi zisizo na maana, na usipoyabadilisha siku ileile utakuja kukosa kitabu ulicho nacho.

Vitabu vya kwenye simu huja hasa kwa sura mbili. PDF ni kama picha ya ukurasa: kitabu huonekana vilevile kilivyochapwa, lakini kwenye kioo kidogo utalazimika kuvuta na kusogeza kila mstari. EPUB hujipanga yenyewe kulingana na ukubwa wa kioo, nawe unaweza kukuza herufi upendavyo. Kwa mtu mzima ambaye macho yameanza kuchoka, EPUB ndiyo ya kuchagua kila inapopatikana. Weka programu moja ya kusomea EPUB, ujaribu kuifungua data ikiwa imezimwa, uhakikishe inafanya kazi.

Faili kubwa zishushe ukiwa na bando la usiku, au siku uliyokwenda Vwawa, Mlowo au Mbeya kwa shughuli nyingine na kukuta mtandao wenye kasi. Ukienda Tunduma, angalia kwanza mpangilio wa simu yako. Karibu na mpaka, simu huweza kuhamia kwenye mnara wa Zambia bila wewe kujua, na kushusha kitabu kupitia mtandao wa nchi nyingine ni gharama kubwa. Zima huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujafika mjini.

Baada ya hapo, mtu mmoja akishusha, wengine hawana haja ya kutumia bando. Faili huhamishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au programu za kurushiana mafaili, bure kabisa. Vijana wanaijua njia hii kwa ajili ya nyimbo na filamu. Ihamishieni kwenye vitabu.

Anza na ensaiklopidia

Kitu cha kwanza ninachoshauri kila nyumba iwe nacho ni Wikipedia ya Kiswahili, yote, ndani ya simu. Ilianzishwa mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Wengi huifungua ukurasa mmoja mmoja kwa data, bila kujua kwamba inaweza kushushwa nzima na kusomwa bila mtandao kwa programu iitwayo Kiwix, ambayo ni ya bure. Ukiifungua, chagua lugha ya Kiswahili kwenye orodha ya mafaili, uone ukubwa ulioandikwa kando ya kila faili. Kuna toleo lenye picha na toleo lisilo na picha. Kwa simu ndogo chukua lisilo na picha. Simu nyingine hukataa kufungua faili uliyorushiwa na mwenzako. Ikitokea hivyo, chukua programu ya Kiwix moja kwa moja kutoka kwenye tovuti yao, kiwix.org.

Ubora wa makala haulingani. Zile za nchi, wanyama, sayari na historia ya Afrika Mashariki mara nyingi ni nzuri na zimeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Nyingine ni mistari mitatu tu, na hapo kata zetu nyingi ndipo zilipo: jina, wilaya, mkoa, idadi ya watu ya sensa, basi. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu linakuhusu wewe binafsi.

Jambo moja unapotafuta habari za huku kwetu, kwenye Wikipedia au kwingineko: Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Chochote kilichoandikwa kabla ya hapo, kiwe ripoti, tasnifu au kitabu, kitaiweka Isansa na Mbozi yote chini ya Mkoa wa Mbeya. Anayeandika “Songwe” peke yake anakosa karibu kila kitu cha zamani, na pengine ataletewa habari za mto au uwanja wa ndege. Andika “Mbozi” kwanza.

Hazina ya vitabu vya kale

Sasa nifike mahali ninapopapenda kuliko pote. Internet Archive, ambayo anwani yake ni archive.org, ni maktaba iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, na ndani yake kuna vitabu vya Kiswahili cha karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ambavyo hakuna duka Tanzania linaloviuza. Haki zake zimekwisha muda, kwa hiyo ni mali ya kila msomaji. Kuvishusha si kosa na hakumdhulumu mtu.

Anza na “Swahili Tales” ya Edward Steere, iliyochapishwa London mwaka 1870. Jina la kitabu ni la Kiingereza lakini hadithi zenyewe ni za Kiswahili cha Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili tafsiri yake. Kijana anayejifunza Kiingereza atafaidika mara mbili. Hizi ni hadithi ambazo watu wa Unguja walisimuliana kabla shule ya kikoloni haijaanza, na mtoto wa leo akisomewa anacheka palepale walipocheka wa wakati ule.

Kisha tafuta “Safari za Wasuaheli”, iliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Humo Waswahili wenyewe wanasimulia safari zao kwa maneno yao. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari ya msafara wa biashara kwenda bara, na Salim bin Abakari anasimulia alivyokwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani. Fikiria hilo: mtu wa pwani yetu akiwaeleza wenzake theluji na barabara za Siberia, kwa Kiswahili, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mtu anayedhani fasihi ya safari ni jambo la Wazungu kuja kutuona sisi, kitabu hiki kinamgeuza.

Mwaka 1903 ikafuata “Desturi za Wasuaheli”, ambayo mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafia Ujerumani mwaka 1927. Anaandika juu ya uzazi, jando, ndoa, ngoma, biashara, utumwa, maradhi na mazishi, kwa undani ambao mgeni asingeuweza. Usikisome mfululizo; kifungue sura kwa sura, kila mara ukilinganisha na ya kwenu.

Wa nne ni Tippu Tip. Maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na kitabu hakifichi mikono yake ilivyokuwa. Kwa msomaji wa Songwe kina uzito wa pekee, kwa sababu nchi ya chifu Nsama wa Itabwa, ambako alipigana vita iliyomtajirisha, iko kaskazini mwa Zambia, ng'ambo ya mpaka wetu.

Kuvipata kunahitaji ujanja kidogo. Waliovipanga waliandika majina kwa tahajia ya wakati wao, kwa hiyo jaribu “Suaheli” na “Suahili” mbali na “Swahili”. Ukishafungua kitabu, shuka chini hadi orodha ya aina za faili. PDF ya kitabu cha kale, kwa kuwa ni picha za kurasa, inaweza kuwa nzito sana. Faili ya maandishi matupu ni nyepesi mno, ila mashine iliyosoma kurasa hukosea herufi hapa na pale. Soma sura moja kwanza uone kama makosa yake unayavumilia. Vitabu vingine vipya hapo huazimwa kwa muda mfupi tu, nawe hutakiwa kujisajili. Viache, bando lako lina kazi nyingine.

Tahajia itakushangaza mwanzoni. Kamati iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili iliundwa mwaka 1930, na vitabu hivi vyote vilitangulia. Soma kwa sauti. Sikio litaelewa pale jicho linapokwama, na baada ya kurasa chache utakuwa umezoea.

Kwa aliyesoma chuo cha Kurani na anaweza herufi za Kiarabu, kuna zawadi nyingine. Chuo cha SOAS cha London kimeweka mtandaoni miswada ya kale ya Kiswahili, tenzi na barua, picha za karatasi zenyewe kama zilivyoandikwa kwa mkono. Ni data nyingi kwa kila picha, lakini kuona mwandiko wa mshairi wa pwani ya zamani ni jambo ambalo zamani lilihitaji nauli ya ndege.

Vitabu vya watoto, na Kinyiha

Mzazi anayetaka mtoto apende kusoma ampe hadithi kabla ya kumpa mtihani. African Storybook, mradi wenye makao Afrika Kusini, una mamia ya vitabu vya picha kwa Kiswahili, na programu yao ya kusomea hukuruhusu kuhifadhi hadithi na kuzisoma bila mtandao. StoryWeaver, iliyoanzishwa India mwaka 2015 na Pratham Books, nayo ina hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia zile za neno moja moja kwa ukurasa. Hadithi hizi zote unaruhusiwa kuzishusha, kuzichapa na kuzigawa, ilimradi jina la mwandishi na mchoraji libaki. Steshenari yenye printa inaweza kukutolea kitabu cha kurasa nane kwenye karatasi mbili za kawaida zilizokunjwa na kupigwa pini. Mtoto anayeshika kitabu chake mwenyewe, cha karatasi, hukirudia mpaka akijue kwa moyo.

Kwa anayeanza kabisa kutambua herufi, zitazame programu mbili zilizoshinda shindano la XPRIZE mwaka 2019, Kitkit School na ile ya onebillion. Majaribio yake yalifanyika Tanga, katika vijiji ambavyo watoto wengi hawakuwa wakienda shule, na yalikuwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Wanafunzi wa msingi na sekondari wana Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ol.tie.go.tz, yenye vitabu vya kiada. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo kabla ya kumnunulia mtoto kitabu cha mkononi mwa mtu, fungua maktaba hiyo ulinganishe jalada na toleo. Kosa hilo hugharimu familia fedha kila mwaka.

Lakini Isansa si mahali pa Kiswahili peke yake. Nyumba nyingi huzungumza Kinyiha, na hapa msomaji anakutana na ukame. Ukiandika “Kinyiha” kwenye mashine za kutafutia utapata machache sana, kwa sababu wataalamu wameiita lugha hii kwa majina mengi: Nyiha, Nyika, Shinyiha, Ishinyiha. Njia ya uhakika ni kutumia alama. Katika orodha ya kimataifa ya lugha Kinyiha cha Tanzania ni “nih”, na wanaisimu wa lugha za Kibantu hukiita M23. Kinyamwanga cha upande wa Tunduma ni “mwn” na M22. Fungua glottolog.org, orodha ya bure inayotunzwa Leipzig, andika alama hiyo, utaletewa majina ya vitabu na makala zilizoandikwa kuhusu lugha hiyo tangu enzi za Wajerumani. Tafuta pia jina la Traugott Bachmann, mmisionari wa Moravian aliyeishi Mbozi mwanzoni mwa karne ya 20, akajifunza Kinyiha na kutafsiri Agano Jipya. Shirika la SIL, lenye ofisi Mbeya, limefanya kazi kwa miaka mingi na lugha za nyanda hizi. Machapisho yake mengi ni ya bure kwenye sil.org, na maktaba yake ya Bloom ina vitabu vya lugha ndogo za dunia nzima.

Baada ya kutafuta, utaona kwamba vingi ni vya wataalamu na vya kanisa. Hadithi za kumsomea mtoto usiku, kwa lugha ya bibi yake, ni haba. Hili linaweza kurekebishwa hapahapa Isansa, na halihitaji mfadhili. African Storybook na StoryWeaver zote zinamruhusu msomaji kutafsiri hadithi iliyopo au kutunga mpya kwa kutumia picha zao. Chagua hadithi fupi ya Kiswahili, kaa na mzee anayekijua Kinyiha cha ndani, mfasiri sentensi kwa sentensi, mkisoma kwa sauti kila ukurasa. Mkibishana juu ya tahajia, fuateni ile iliyotumika katika Maandiko ya Kinyiha yanayosomwa makanisani, kwa kuwa ndiyo watu waliyoizoea. Andika jina la mzee kama mfasiri mwenza, kwa ridhaa yake.

Hadithi za wazee wenyewe zirekodi kwa simu kwanza, ndipo uziandike. Usimkatize msimulizi kumsahihisha tarehe. Muulize mwishoni alizisikia kwa nani na wapi, na hilo nalo uliandike. Nakala ya sauti weka sehemu mbili, kwenye kadi na kwa mtu mwingine, maana simu huanguka na kuibiwa. Lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili, kwa hiyo kitabu cha Kinyiha kitaanzia nyumbani, na hapo ndipo kinapohitajika zaidi.

Kwa wanaopenda lugha yenyewe

Kuhusu kamusi nitasema wazi: usitegemee mtandao. Wikamusi ni changa, na mashine za kutafsiri huchanganya ngeli na kubuni maneno ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuyatamka. Jichangeni watu watatu au wanne mnunue Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka kwanza mwaka 2015, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu hicho kitatumika miaka ishirini. Kinachofaa kuchukuliwa mtandaoni ni kamusi za kale, hasa ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882, iliyojaa Kimvita na methali, na inayopatikana kwenye Internet Archive.

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, au mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, afungue majarida mawili. “Swahili Forum”, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, ni la bure lote, na makala zake nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili: riwaya, ushairi, nyimbo, majina ya watu, lugha ya mitaani. La pili ni “Mulika”, la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linalopatikana journals.udsm.ac.tz. Uhakiki wa riwaya na tamthiliya zinazosomwa shuleni umejaa humo, umeandikwa na watu waliobobea, na ni bora mara nyingi kuliko vijitabu vya majibu vinavyouzwa stendi.

Waandishi walio hai

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Katika makundi ya WhatsApp na Telegram zinazunguka PDF za riwaya za Kitanzania zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini hata sheria isingekuwepo, tazama hesabu: mwandishi wa Kiswahili huchapa nakala chache, mara nyingi kwa fedha yake, na kila PDF inayorushwa inamnyang'anya mnunuzi. Akishindwa kurudisha gharama haandiki tena. Ukipenda riwaya za Kiswahili, usishushe hizo, na usizirushe mbele.

Nunua. Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, inaonesha vitabu vyake mtandaoni, pamoja na “Peponi”, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo kupata Tuzo ya Nobel. Umoja wa waandishi wa riwaya uitwao UWARIDI, ambao Hussein Tuwa ni mwanachama wake, hujitangaza kwenye mitandao ya kijamii, na wengi wao humuuzia msomaji moja kwa moja. Unaagiza kwa simu, unalipa kwa simu, kitabu kinapakiwa kwenye basi la Tunduma, unakipokea Mlowo au Vwawa. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye kioo kama ndilo la muuzaji uliyezungumza naye. Ukiagiza pamoja na majirani, vitabu vitano kwa mzigo mmoja, gharama ya basi inakuwa ndogo kwa kila mmoja, na mtabadilishana mkimaliza.

Na kama wewe mwenyewe unaandika, usikae na mswada kwenye begi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye ikafungua mlango wa hadithi za watoto. Inasimamiwa kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, na matangazo yake hutokea kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Soma masharti hadi mwisho kabla ya kutuma, hasa idadi ya maneno na muda wa mwisho. Miswada mizuri huachwa kwa kukiuka hayo mawili.

Isansa iandikwe na wa Isansa

Nilisema nitarudi kwenye makala zile fupi. Fungua Wikipedia ya Kiswahili utafute Isansa, kisha Vwawa, kisha Kimondo cha Mbozi kilichoko Ndolezi. Jiulize mgeni angejifunza nini. Kahawa ya kwetu inavunwaje, vyama vya msingi vilianzaje, shule ya kwanza ilijengwa na nani, majina ya vijito na vilima: haya hayatashuka kutoka kokote. Kila ukurasa una sehemu ya kuhariri. Fungua akaunti, anza na sentensi mbili za kweli, na utaje ulikozitoa: ripoti ya halmashauri, gazeti, kitabu. Usinakili maandishi ya mtu mwingine. Andika kwa maneno yako. Kumbukumbu ya mzee peke yake haitapokelewa kama chanzo pale, kwa hiyo ile iweke kwenye hadithi na rekodi zako. Pia usiandike sifa za viongozi wala za ukoo wako. Mhariri mwingine atazifuta, na atakuwa na haki.

Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai kila mwaka, wakati kahawa iko mashambani na kwenye mitambo. Walimu wa kata yetu, itumieni. Chapeni hadithi kumi za African Storybook, moja yao kwa Kinyiha mlichokitafsiri wenyewe, zisomwe na watoto mbele ya wazazi, kisha nakala zibaki shuleni. Mwenye simu iliyojaa vitabu aje nayo siku hiyo, awarushie wengine.